Turubai Halitoki Bila Maiti

Jumatatu, 4 Novemba

Nimekwenda kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Nimevaa gauni la Idi. Kijana wa mezani kaniamkia vizuri, shikamoo bibi, halafu akauliza chama gani. Nikasema sina. Akasema mgombea lazima adhaminiwe na chama. Nikamwambia mie nimedhaminiwa na miguu yangu hii miwili, imenileta hapa na jua lote hili. Akacheka! Akasema sheria ndivyo ilivyo, bibi, chagua chochote, viko vingi. Kama anauza nyanya.

Nikarudi. Miguu inawaka moto.

Ishu ni uwanja. Uko mbele ya nyumba yangu hapa Keko. Hapo ndipo mafundi wanaporanda mbao na kuunga vitanda na makabati, mwanangu Suleiman mmojawapo. Mtu akifa, mafundi wanasogeza mbao zao, turubai linasimama hapohapo. Harusi hivyohivyo. Hakuna aliyepewa uwanja ule, na hakuna aliyenyimwa. Huo ndio ujamaa nilioujua mie, wala sikuusoma popote. Sasa Gregori, mwenyekiti wetu wa Chama Kikubwa, anataka kujenga fremu za maduka. Fransis, anayetaka kumng'oa kwa tiketi ya Chama cha Pili, kapita mlango kwa mlango akisema hiyo ni dhuluma. Nikafurahi, nikampa na maji ya kunywa. Kumbe dhuluma yenyewe ni kwamba fremu za Gregori hazina uwazi. Zake yeye zitakuwa na uwazi na uwajibikaji.

Fremu ni fremu! Suleiman akarandie mbao zake wapi? Kwenye uwajibikaji?

Nimeamua. Tutajenga harakati yetu, nje ya vyama vyote. Nimeanza kwa kupumzika.

Alhamisi, 7 Novemba

Mkutano wa kwanza, barazani kwangu. Mzee Polikarpo kafika wa kwanza. Alikuwaga mchongaji, sasa macho hayaioni patasi, kabaki na maneno tu. Anajiita mrengo wa kushoto. Kila siku ananiambia na mie ni mrengo wa kushoto. Namwambia mie ni mtu wa Newala.

Polikarpo kasema tusianzishe chochote. Tuingie Chama cha Pili wote kwa pamoja, tukigeuze kutokea ndani. Nikamwambia nimeingia vyama tangu chama kilipokuwa kimoja tu nchi nzima. Ukiingia ndani hukigeuzi. Unageuka wewe. Unaanza kusema mchakato.

Akasema nje ya vyama hatuna hata karatasi ya kura. Nikasema ndani ya vyama tunayo karatasi, hatuna uwanja. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mafundi waliokuja walisinzia.

Kisha nikauliza nani hapa ana kadi ya chama. Wote wanazo! Wengine mbili. Suleiman, mwanangu wa kumzaa, ana fulana ya Gregori ya kazini na fulana ya Fransis ya kulalia. Nikauliza kwa nini. Akasema mama, fulana ni fulana. Nikaificha chini ya mkeka kofia ya Chama Kikubwa niliyokuwa nimefutia meza.

Tumekubaliana jina tu. Polikarpo alitaka Harakati. Mie nilitaka Umoja. Tumeita Harakati ya Umoja. Wenye usingizi wakapiga makofi ili waende wakalale.

Jumatatu, 11 Novemba

Bi Anna kapita anagawa kanga za Chama Kikubwa. Huyu ndiye kiongozi wa wanawake wao hapa mtaani. Tunajuana tangu tukicheza ngoma ya kupokea wageni uwanja wa ndege, sie wasichana. Nilikuwa mstari wa mbele. Yeye nyuma. Hajanisamehe mpaka leo.

Kaniambia kwa sauti ya asali, shoga yangu, nasikia una chama. Nikasema si chama. Akauliza basi ni nini. Nikasema ni watu. Akaangalia baraza langu, kulikuwa na Polikarpo na paka. Akasema, eeh, nawaona watu. Akaenda zake kiuno kinacheza.

Kanga nilichukua. Mbili. Nitazivaa ndani nje.

Ila amenichoma. Kweli watu hawaji. Mkutano wa pili alikuja Polikarpo na mwanamke aliyepotea njia. Nikakaa nikafikiri. Watu wa Keko wanakwenda wapi bila kuitwa, bila fulana, bila soda, chama kikubwa na kidogo wote pamoja? Msibani! Chama chetu cha kuzikana kina kila mtu. Waislamu, Wakristo, wa Gregori, wa Fransis, mpaka Shirinbai, yule Mhindi wa Kibohora mwenye duka la misumari na gundi pale kona, tangu enzi za mumewe. Kina turubai, kina mikeka, kina masufuria ya kupikia jeshi. Harakati tunayoitafuta tunayo miaka yote, tunaitumia kuzikia tu!

Nimemweleza Polikarpo. Kwa mara ya kwanza hakubisha. Au jino lilikuwa linamuuma.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemfuata Valerian, mtunza vyombo wa chama cha kuzikana. Valerian ni mtani wangu, kabila lake na langu ni watani tangu mababu, kwa hiyo hatuongei kama watu. Nilipoingia tu akauliza mbona nimekuja kwa miguu, yeye alinitegemea nije nimebebwa.

Nikamwambia nataka turubai la mkutano Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema turubai halitoki bila maiti, ndiyo katiba. Nikasema nimelichangia turubai hilo tangu yeye anaoga kwenye beseni. Akasema sawa, basi kufa. Nikasema tangulia wewe. Akasema mgeni mbele. Tukaenda hivyo kwa muda. Mwisho kakubali, kwa sharti kwamba siku hiyo yeye ni mtani na atafanya utani wake, nisije nikamkasirikia. Nikakubali. Utani una ubaya gani?

Kurudi nyumbani goti likanigomea njiani. Nimekaa juu ya kitanda cha mteja wa Suleiman mpaka magharibi.

Ijumaa, 22 Novemba

Kampeni zimepamba moto. Spika za Gregori upande huu, za Fransis upande ule, katikati kichwa changu. Wote wawili wanaimba maendeleo. Umeme ulipokatika Gregori akasema tatizo liko Kinyerezi kwenye mitambo, si kwake. Fransis akasema tatizo ni Gregori. Tukakaa gizani na maendeleo yetu.

Mpango wangu wa kesho uko hivi. Turubai lisimame asubuhi. Mie na Suleiman tukachukue maharage na mchele Tandale sokoni, kule ni nafuu, maana mtu hasikilizi neno lolote akiwa na njaa. Polikarpo abaki kupokea watu. Kisha nisimame niseme: asiyeapa mbele ya watu kuuacha uwanja hapati kura hata moja ya mtaa huu, wa kijani au wa bluu au wa rangi ya ndizi. Kura zetu tuzifunge fungu moja kama kuni. Huko ndiko kujenga nje. Huhitaji karatasi, unahitaji watu wasioogopa njaa ya siku moja, wasiuze kura kwa fulana.

Suleiman kasema, mama, ukisimamisha turubai hapo bila muziki, watu watajua ni msiba. Nikamwambia asinifundishe kazi. Akasema weka hata singeli kidogo. Nikasema kwenye mkutano wa maana? Nyamaza.

Jumapili, 24 Novemba

Jana sikuandika. Sikuwa na mikono.

Bajaji imetufia njiani kurudi, magunia ya maharage juu ya mapaja yangu. Tumefika Keko mchana umeshapita. Kutokea kule juu nikaona watu. Watu! Wamejaa uwanja mzima mpaka dukani kwa Shirinbai. Nikalia machozi. Nikamwambia Suleiman, umeona? Harakati!

Suleiman akasema, mama, mbona wanawake wamekaa chini na kanga kichwani.

Tukapitia uchochoroni. Polikarpo kakaa mbele ya turubai, mkono shavuni, uso umekunjamana. Jino! Lakini nani atamuuliza mzee aliyeshika tama chini ya turubai kama ana jino? Kila aliyekuja alimwona, akavua kofia, akakaa. Na bado wangeuliza nani kafa, kama si Valerian. Alikuwa kavaa gauni langu, alilianua kwenye kamba yangu. Kafunga kanga yangu ndani nje. Ana fimbo. Anatembea na goti langu bovu, anawafokea watu kwa sauti yangu mie: we, kaa vizuri! We, umeoga? Chumvi rudisha, hiyo nimeipima! Watu wanacheka huku wanalia. Sasa mtani akishaanza kumwigiza mtu msibani, unataka ushahidi gani tena? Mwili, wakasema, unasubiri ndugu kutoka Newala.

Nikataka kutoka. Polikarpo akaniona, akanikimbilia nyuma ya mbao, jino limepona ghafla. Akanisukuma ndani ya kabati la milango mitatu la Suleiman, bado halijapigwa msasa. Akanong'ona kwamba nisitoke kwa namna yoyote. Gregori yuko hapa. Fransis yuko hapa. Mgombea gani anakosa msiba siku nne kabla ya kura?

Nikasikiliza kwenye ufa wa mlango. Gregori kasimama. Kasema marehemu alikuwa mama wa mtaa. (Wiki iliyopita aliniita kizee msumbufu.) Kasema kitu alichokipenda marehemu ni uwanja huu, na yeye anaapa mbele ya maiti na mbele ya wananchi kwamba hautaguswa, hakuna fremu. Watu wote wakasema aaamin. Fransis akaona anaachwa. Akaruka akasema yeye hataishia hapo, ataupa jina langu, Uwanja wa Bibi Mauwa, na mafundi watakaa milele. Gregori akarudi akaongeza choo. Fransis akaongeza bomba la maji. Nilikaa gizani kwenye harufu ya gundi, nimepata kila kitu nilichokitaka. Kwa kufa tu! Hata hotuba sikutoa!

Polikarpo akaleta mdomo kwenye ufa. Akasema, Bi Mauwa, nakuomba, baki umekufa mpaka Jumatano. Tu. Watu wameshika ahadi, watapiga kura kwa ahadi. Lala kwangu, binti yangu atakuletea uji. Kasema hakuna harakati iliyokaa nje ya vyama kuliko hii yako, bibi, iko ahera.

Nikakubali. Wallahi nilikubali. Niliuona mguu wa Suleiman nje ya kabati, kandambili imekatika, amesimama hajui aende wapi na hizi mbao zake. Nikasema nitakufa kwa ajili ya mwanangu.

Kisha akasimama Bi Anna.

Kalia kilio chake kile cha kupanda na kushuka. Kasema marehemu alikuwa shoga yake wa chanda na pete. Uongo, nikavumilia. Kasema juzi tu marehemu alimfuata usiku, analia, anaomba arudishiwe kadi ya Chama Kikubwa, afe nayo. Nikauma kanga. Harakati inataka subira. Kasema kwenye ngoma marehemu alikuwa mstari wa nyuma. Nikauma tena. Kisha akapangusa macho akasema, hata kisamvu, jamani, marehemu nilimfundisha mie. Maskini alikuwa anatia magadi mpaka kinateleza kama mlenda.

MIE? KISAMVU CHANGU?

Mlango wa kabati uling'oka na bawaba zake. Nilitoka na vumbi la mbao kichwani, mweupe kama nimetoka kaburini kweli. Nikamwambia kisamvu chake hata kuku wa Keko wanakipita pembeni. Sikumaliza. Uwanja mzima ulikuwa umeshakimbia. Gregori alipita juu ya Fransis. Turubai likawaangukia waliobaki. Bi Anna hakukimbia, alizimia, lakini nilimwona anafungua jicho moja kutafuta mahali pasafi pa kuzimia.

Aliyebaki kasimama ni Valerian, ndani ya gauni langu. Kanyoosha mkono. Kasema kafanya kazi ya utani toka asubuhi, na ujira wa mtani msibani ni kuku, marehemu afufuke asifufuke.

Jumatatu, 25 Novemba

Dada yangu kafika na basi kutoka Newala, na korosho za msiba. Kanikuta naosha masufuria. Kanipiga kofi. Kisha kalia. Kisha kauliza kwa nini sufuria hili sijalisugua chini.

Nimemtuma Suleiman kwa Gregori kumkumbusha kiapo. Gregori kasema kiapo kile kilikuwa cha marehemu. Marehemu hayupo. Kiapo hakipo. Nikamtuma kwa Fransis. Fransis kasema vilevile, neno kwa neno! Wiki zote hizi nilikuwa nasikia vyama hivi haviwezi kukaa meza moja.

Chama cha kuzikana kimekaa kikao cha dharura. Sitapewa turubai tena mpaka nife kweli, na lazima wanikague watu wawili wasio ndugu. Mmoja Bi Anna.

Shirinbai peke yake kaja kunipa pole ya kuwa hai. Alikuwa ameleta mfuko wa sukari siku ya msiba. Nikataka kumrudishia. Akasema, Mauwa, kaa nayo, hatimaye utaihitaji. Huyu ndiye mtu wa kushoto kuliko Polikarpo.

Polikarpo hasemi nami.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepiga kura. Nimeandika UWANJA katikati ya karatasi, herufi kubwa kubwa, nilizofundishwa elimu ya watu wazima nikawa wa kwanza darasani. Kijana kasema, bibi, kura hiyo itaharibika. Nikamwambia imeharibika kabla sijaigusa.

Gregori kashinda. Kwa kura chache sana. Jioni Polikarpo kavunja kununa kwake ili aje aniambie zile chache zilikuwa zetu. Yeye kampigia Fransis huku kafumba macho. Mafundi wengine hawakwenda kabisa, waliniambia wananifuata mie, wakalala. Kasema tungekuwa ndani tungeshinda. Nikamuuliza tungeshinda nini. Akasema Fransis angepita. Nikamwambia ndiyo, na fremu zake zenye uwazi. Akasema lakini Fransis tungembana. Nikasema tungembana kwa kitu gani, kwa jino lako? Akasema walau mie nilitumia karatasi. Nikasema walau mie nilikufa!

Tukakaa. Hakuna aliyeshinda. Tumezeeka kwa mabishano haya haya, yeye na mie, na kila baada ya miaka mitano yanatukuta palepale barazani, tumepungua tu meno. Nilimpa kisamvu. Kala chote. Kasema hakitelezi.

Jumapili, 1 Desemba

Mabati yamezunguka uwanja. Watu wa Gregori wamekuja alfajiri na nondo. Mafundi wamebeba vifaa vyao kila mtu na njia yake, mmoja Mbagala kwa shemeji, mwingine hajui. Suleiman kahamishia meza yake ndani kwangu. Sasa naingia chumbani kwa kupita juu ya kitanda cha mteja cha sita kwa sita. Chai ina vumbi la mbao. Randa inaanza kabla ya swala. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Kasema tu, mama, sogea kidogo. Mie, nyumbani kwangu, nasogea.

Nilikaa mlangoni nikayaangalia mabati siku nzima. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umechoka. Nikajiuliza tulikosea wapi. Polikarpo anasema kosa ni kukaa nje ya vyama. Dada yangu anasema kosa ni mdomo wangu. Suleiman hasemi, anaranda. Wote hawajui kitu.

Nimeligundua mwenyewe baada ya isha. Kosa ni msiba! Msiba unahuzunisha watu, na mtu mwenye huzuni akishtuliwa anakimbia. Harusi je? Harusini hakuna anayekimbia. Wanakuja wote bila kuitwa, kijani kwa bluu. Wagombea wanakuja, wanapenda kushika maiki. Na ahadi ya harusini hawawezi kusema ilikuwa ya marehemu, maana maharusi wako hai mbele yao, wanameza keki! Turubai nitakodi kwingine. Uwanja hatuna, tutaziba barabara, magari yatapinda. Hata muziki nitaweka, asiseme Suleiman simsikilizi. Kisamvu nitapika mie, na Bi Anna atakaa meza ya mbele kabisa akile.

Bibi harusi ni mie. Bwana harusi ni Mzee Polikarpo. Yeye sijamwambia, ataelewa akiona turubai.